Nusu ya Bunduki ya Papa

Kwetu Kibumba saa kumi na mbili ya jioni ilikuwa na mlio wake. Papa alikuwa anatoka na bunduki mpaka mwisho wa shamba, pale viazi vinapoishia na pori linapoanza, anapiga risasi moja hewani, anarudi. Moja tu. Nguruwe wa porini waliisikia wakabaki kwao. Mama aliisikia jikoni akaanza kupakua. Sisi watoto, popote tulipokuwa, kwa jirani ama kwenye pipa la maji ya mvua, tuliisikia tukajua kwamba papa ni mzima na chakula kiko tayari. Hakuna aliyetuita kwa sauti. Sikumbuki mama akituita hata mara moja.

Nimejaribu mara nyingi kuandika habari ya bunduki hiyo, na kila mara ninaiacha katikati, maana sijui kama ninasema kweli ama ninajitetea. Masomo yangu yaliishia sekondari ya pili. Nitaandika niliyoyaona, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Ilikuwa kalibre duzi, bunduki ya kuwindia, ya mtutu mmoja. Babu alipewa na mzungu ambaye yeye babu alikuwa akimlindia shamba la pareto, na iliandikishwa Bukavu, kwa sababu wakati ule Kivu ilikuwa moja na kichwa chake kilikuwa Bukavu. Papa aliirithi. Ninavyojua mimi haikupiga mtu. Ya wakati wa babu siwezi kuapa, sikuwepo.

Papa hakusoma, lakini kwa mambo ya ile bunduki alikuwa kama mtu wa biro, wa ofisini. Bunduki ya safari haikwenda nzima. Aliivunja vipande vitatu: mtutu, kitako pamoja na chuma chake cha kufyatulia, na kile kibao kidogo kinachoshikwa na mkono wa kushoto. Kila kipande alikifunga katika kitambaa chake na kukiweka mahali pake. Risasi hazikupanda gari moja na bunduki, hata siku moja. Zilibaki kwa mama, katika kopo la maziwa ya unga, juu ya dari. Na kwenye kila bariere, kizuizi cha askari barabarani, papa alishuka yeye mwenyewe, akaweka kofia kwapani, akasema kabla hajaulizwa: "Afande, niko na bunduki, na iko na karatasi." Alituambia sababu. "Bunduki ukiitaja wewe, ni mali. Akiitaja askari, ni kesi."

Karatasi yenyewe, permi ya kubeba silaha, haikukaa Kibumba. Ukungu wa kule unaozesha karatasi kwa msimu mmoja. Ilikaa Murara, mjini Goma, katika nyumba ambapo niliishi na mama mdogo ili nisome. Ilikuwa ndani ya Biblia, juu ya kabati, na mimi ndiye niliyeonyeshwa ilipo. Papa alinishika bega akasema, "Wewe unasoma, wewe ndiye unajua ni nini."

Siku ambayo volkano ilitapika, mama mdogo aliniambia, "Chukua kitu cha maana, twende." Nikaangalia nje. Barabara yote ilikuwa watu wenye magodoro kichwani. Wanawake, wanaume, hata mzee mmoja wa kanisa letu, godoro kichwani. Nikaona kama watu wote wamebeba godoro, basi godoro ndilo kitu cha maana. Nikabeba godoro. Tukaenda nalo mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na hatukulilalia hata kidogo, maana tulilala tumesimama kwenye ukuta wa shule ya watu.

Tuliporudi, nyumba ya Murara haikuwepo. Palikuwa na jiwe jeusi lililojikunjakunja, bado linatoa moshi, na paa la jirani limechomoza pembeni. Papa alikuja kwa mguu kutoka Kibumba, akipita juu ya lile jiwe, soli za viatu vyake zimelainika na kupinda. Alitutazama mimi na mama mdogo kwa muda mrefu. Siku ile hakuuliza kitu. Kesho yake ndipo aliuliza.

"Na Biblia?"

Nikanyoosha kidole kwenye jiwe.

Papa akakaa juu ya godoro, akalibonyeza kwa mkono. "Godoro ni zuri," akasema. "Mutalala vizuri."

Sijui mpaka leo kama alinicheka ama alisema tu kwamba godoro ni zuri. Lilikuwa zuri kweli.

Tukarudi wote Kibumba. Jioni ya kwanza saa kumi na mbili ikafika, na papa hakutoka. Mama alisimama jikoni na mwiko mkononi. Papa akamwambia, "Pakua tu. Bunduki isiyo na karatasi hailii." Kwa hiyo wakati ule, wakati waasi walikuwa wanatawala mji na kila kijana barabarani alikuwa na bunduki isiyoandikwa popote, bunduki moja ya Kibumba ilinyamaza kwa sababu ya karatasi. Majirani walimcheka. Nguruwe nao hawakuchelewa kuelewa. Ndani ya majuma matatu walikuwa wamefukua mistari yote ya upande wa pori, na mama akaanza kuhesabu magunia ambayo hatungevuna. Baada ya Murara kuungua, lile shamba ndilo lililobaki kwetu, na bila mlio lisingebaki kwa muda mrefu. Hilo tulilijua wote, na mimi nilijua pia nani aliyebeba godoro.

Biro ya Goma ilimpa papa karatasi ya kuonyesha kwamba permi imepotea. Ile ya kweli, wakamwambia, inatoka mahali ambapo daftari kubwa liko, na daftari liko Bukavu. Na bunduki iende, ili namba yake isomwe. Mashua za ziwani zilikuwa zinakataa silaha. Ilibaki barabara, kupita Sake na kufuata ziwa mpaka mkoa wa pili, provensi ya Kusini. Wakamwandikia karatasi ya njia, yenye aina ya bunduki, namba, jina la gari na siku za safari. Papa alinipa niisome mara tatu. Akaniambia nitaenda naye, kwa kuwa yeye hakuwa na Kifaransa na kule wanaandika kwa Kifaransa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano hivi. Nilifurahi kuliko ilivyofaa. Niliona ni nafasi ya kurudisha kile nilichoacha juu ya kabati.

Gari lilikuwa kamioneti ya mtu wa Butembo aliyekaa Ndosho, mtaa wa Goma, mfanyabiashara wa maharagi, rafiki ya papa kwa sababu ya mbegu. Kwenda kwa mtu mikono mitupu si desturi yetu, hata kama mtu mwenyewe ni karani usiyemjua, basi tulipakia magunia mawili ya viazi nyuma. Mama alifunga mtutu katika kitenge chake cha kijani, kile cha harusi ya dada yake, akasema, "Hiki kinarudi." Kopo la risasi alilirudisha darini mbele ya macho yetu ili papa aone.

Asubuhi pale Ndosho, mwenye gari alisimama mbele ya papa aliyekuwa akipanga vipande vyake: kitako chini ya kiti cha mbele, kibao ndani ya mkoba, mtutu nyuma, kando ya magunia.

"Muzee," akasema, "batu bote banapitisha bunduki nzima na hawasemi kitu. Wewe unapitisha vipande na unatangaza kama kanisa."

"Ndiyo maana mimi nalala usingizi," papa akasema.

"Siku ya mwisho utamuonyesha Mungu permi."

"Nitamuonyesha. Na wewe utamuonyesha nini, maharagi yenye mawe?"

Mwenye gari alicheka mpaka akashika mlango. Mlango huo ni lazima niuseme. Upande wa abiria haukufunguka kwa ndani. Ili papa ashuke, mwenye gari alipaswa kuzima, kushuka, kuzunguka na kumfungulia. Kwenye bariere za kwanza, za Mugunga na Sake, haikuwa shida, maana askari walikuja mbele. Papa alifunguliwa, akaweka kofia kwapani, akasema maneno yake, nami nikashuka kutoka nyuma nikiwa na karatasi. Walisoma, wakatazama vipande, wakatuachia. Mmoja alimpigia papa saluti ya mchezo. Ninaandika hilo kwa sababu watu wanasema askari wote wa wakati ule walikuwa wezi, na si kweli kwamba wote.

Bariere ya mpaka wa provensi ilikuwa kamba iliyofungwa vipande vya mifuko. Upande huu Kivu ya Kaskazini, upande ule Kivu ya Kusini, na katikati mbuzi wa mtu analala. Hapo askari hakuja mbele. Alitokea nyuma, kutoka kwenye migomba, na wa kwanza kumwona ni mimi, niliyekuwa nimekaa juu ya viazi.

"Wewe mutoto, muko na nini mu gari?"

Nilimwona papa kwa kioo cha nyuma. Alikuwa anasukuma mlango kwa bega. Mwenye gari bado alikuwa anashuka upande wake. Niliogopa kimya chetu kitaonekana vibaya.

"Viazi," nikasema.

"Viazi tu?"

Hapa ndipo kumbukumbu yangu inaniacha. Sijui kama niliitika ndiyo, ama nilitikisa kichwa, ama nilibaki namtazama. Nimelala na swali hilo miaka mingi na kila mwaka nina jibu lingine. Ninachokumbuka ni kwamba mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya kitenge cha mama, na chini ya kitenge nilihisi chuma.

Papa akafika, kofia kwapani. "Afande, niko na bunduki, na iko na karatasi."

Askari akamtazama papa, akanitazama mimi.

"Mutoto anasema viazi. Baba anasema bunduki. Sisi tuamini nani?"

"Viazi viko, na bunduki iko," papa akasema. "Vyote viko."

"Mutoto hakusema bunduki."

"Mutoto hajazoea."

"Kusema uongo ndiyo hajazoea, ama kusema kweli?"

Tulipelekwa kwa komanda, aliyekuwa ameketi chini ya shitingi, turubai la plastiki, na mguu wake mmoja umefungwa bendeji. Alisoma karatasi zetu zote mbili polepole, kwa kidole. Aliagiza vipande viletwe, akalinganisha namba na kile kilichoandikwa, akakuta ni sawa. Niseme kwa haki: hakutukana, hakumpiga mtu, hakuomba kitu. Aliuliza jambo moja tu.

"Muzee, kama hii kitu ni halali, kwa nini mutoto wako anaificha?"

Papa angeweza kusema ni mtoto, hana akili. Watu wazima husema hivyo. Hakusema. Alisema, "Mulango wa gari ni mubovu, nilichelewa."

Komanda alifikiri. Kisha akasema jambo ambalo pengine mtu mwingine asingelifikiria, nami nafikiri alilipata kwa kutazama vipande vilivyolala mbele yake kila kimoja na nguo yake. Kwa kuwa papa mwenyewe ameigawa, na yeye ataigawa. Kitako chenye namba kiende Bukavu kwa karani. Mtutu na kibao chake vibaki hapa. "Bunduki nusu haiwezi kuniletea matata, na haiwezi kukuletea wewe. Mukirudi na permi, unaunganisha, unaenda."

Akachana ukurasa wa daftari la shule, akaandika kwamba amepokea mtutu mmoja wa kalibre duzi, kibao chake na kitenge kimoja cha kijani, akatia sahihi na kupiga muhuri. Papa alinipa niusome. Nilisoma. Papa akamshukuru.

Njiani mwenye gari hakufanya mzaha wowote mpaka Kalehe. Nilikuwa nyuma juu ya viazi na nililia, lakini upepo ulikuwa mwingi na hakuna aliyesikia.

Karani wa Bukavu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alileta daftari kubwa kuliko meza, akafungua, akapiga chafya kwa vumbi, na huko ndani, kwa wino wa zambarau, palikuwa na jina la babu yangu. Nililisoma kwa sauti. Papa aliweka kidole juu ya herufi ambazo hakuzijua, akakiacha pale. Sijawahi kumwona papa na uso ule, si kabla si baada.

"Na mututu?" karani aliuliza, akigeuza kitako.

"Iko bariere."

Karani akavua miwani. "Inafanya nini bariere?"

"Inatungojea."

"Basi. Sheria inataka namba, na namba iko hapa." Akaandika jina la papa chini ya la babu, akatoa permi mpya, akagonga muhuri. Alipokea viazi vyake kwa mikono miwili, akasema ni vya Kibumba, aliviona kwa udongo.

Tuliporudi siku ya tatu, kamba ilikuwa ile ile na mbuzi alikuwa yule yule, lakini chini ya shitingi alikaa mtu mwingine. Kikosi cha kwanza kiliondolewa jana yake. Huyu mpya akasoma karatasi ya mapokezi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii sahihi siijui, muzee. Balienda na vitu vyabo vyote."

"Na mututu yangu?"

"Kama haiko hapa, iko kwabo."

"Balienda wapi?"

Akanyoosha mkono upande wa milima. Milima ilikuwa mingi.

Papa akakunja karatasi ya mapokezi, akaiweka pamoja na permi mpya, akamshukuru yule mtu. Mimi nilikasirika kwa ile shukrani. Leo ninafikiri: alimshukuru kwa nini? Kwa kusoma, labda. Mtu alisoma karatasi yake mpaka mwisho.

Kule Kibumba, mama alitusikiliza habari yote, kisha akauliza, "Na kitenge changu?" Papa akacheka, na mama pia akacheka, na mimi nikatoka nje.

Papa alitundika kitako ukutani, juu ya kitanda. Kwa nguruwe alitundika rimu ya gari kwenye mti mwisho wa shamba, na saa kumi na mbili alikwenda kuipiga kwa nyundo. Juma la kwanza walikimbia. Juma la pili walisimama kusikiliza. Tulibaki na nusu ya shamba, ile ya karibu na nyumba, na tuliishi kwa hiyo, sitasema kwamba tulikufa njaa. Lakini mama hakupakua kwa sauti ya rimu. Alisema inafanana na ya shule. Alianza kutuita kwa majina, mmoja mmoja, mlangoni, na kila mtu akaja kwa wakati wake, wengine chakula kikiwa kimepoa.

Permi papa aliilipia kila ilipoisha, permi halali ya bunduki isiyoweza kupiga. Mwenye gari wa Butembo alimwambia, "Muzee, unalisha ng'ombe aliyekufa." Papa akajibu, "Mututu ikirudi isikute nyumba iko na kesi." Na kila aliposafiri, kila bariere, alishuka, kofia kwapani: "Afande, niko na permi ya bunduki. Bunduki yenyewe haiko kamili." Askari walicheka. Wengine walimwita mwenzao aje asikie.

Miaka ilipita, ukaja uasi mwingine, na wapiganaji wakakaa Kibumba. Walipekua nyumba, wakakuta kitako. Papa akatoa permi na karatasi ya mapokezi, yule kijana akasoma zote mbili amesimama. Kuku walichukuliwa. Kitako kilibaki. Sijui kama ni karatasi zilizokiokoa ama ni kwamba kuku wanaliwa na kitako hakiliwi.

Mara moja tu nilimwambia papa. Tulikuwa tunachagua mbegu, nikasema, "Papa, ile siku ya bariere, ni mimi niliharibu."

Hakuinua macho. "Uliulizwa nini?"

"Niliulizwa tuko na nini mu gari."

"Viazi havikuwa mu gari?"

"Vilikuwa."

Akashika kiazi kimoja, akakigeuza akitafuta jicho lake. "Basi," akasema.

Lakini kati ya kiazi na lile neno alikaa kidogo. Na sikumwambia habari ya swali la pili la askari. Nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza, na alikufa bila kulisikia. Mama akanipa kitako, permi na karatasi ya mapokezi, kwa sababu, alisema, mimi ndiye ninayejua ni nini. Maneno yale yale ya papa. Sikujua kama anajua kwamba ni ya papa.

Volkano ilipotapika mara ya pili, nilikuwa Ndosho na watoto wangu. Walituambia tuondoke mjini. Barabara ya Sake ilijaa magodoro. Mimi nilibeba kitako mgongoni, kimefungwa katika kitambaa, na karatasi kifuani. Jirani mmoja aliniuliza kama nimebeba mtoto wa nani. Nikamwambia ni wa papa yangu. Tulilala chini, na watoto walilalamika, na walikuwa na haki.

Mambo yalipotulia, nilichukua njia ya Bukavu ili permi iandikwe kwa jina langu, kwani mwenye jina hakuwepo tena, na kitako kisicho na mwenyewe ni kesi. Karatasi ya njia niliandikiwa. Nilipanda mbele. Nilitia magunia mawili ya viazi. Wakati huo gari lilikuwa zuri na mlango wake ulifunguka.

Bariere ile sasa ina chuma badala ya kamba. Nilishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Askari alikuwa kijana, mdogo kuliko ile karatasi ya mapokezi. Nilisema maneno ya papa yote, ila sikuwa na kofia. Alinitazama kama mtu anayetazama mama mwenye homa.

"Taja vyote viko mu gari, mama."

"Viazi, magunia mawili. Mkoba wangu wa nguo. Mkate. Kitako cha bunduki kalibre duzi, pamoja na chuma chake, na permi yake hii, na karatasi ya njia hii."

"Ni hivyo tu?"

"Hapana," nikasema. "Iko nusu ingine. Iko kwenu." Nikampa ukurasa wa daftari la shule.

Aliusoma. Muhuri ulikuwa umebaki kivuli tu. Nilidhani atacheka, na nilikuwa nimeshajiandaa. Akaniambia, "Ngoja," akaingia katika kibanda cha mbao ambapo wanaweka vitu vilivyokamatwa. Nilisimama kwenye jua. Nilisikia akisogeza vyuma: baiskeli, nadhani, na mabati, na mapipa. Alikaa mle muda mrefu. Dereva alipiga honi mara moja akaacha. Halafu kitu kizito kilianguka mle ndani, mlio mmoja, mkavu, na kabla sijafikiri chochote miguu yangu ilikuwa imegeuka upande wa Kaskazini, upande wa nyumbani, kama mtu aliyeitwa kula.

Kijana akatoka. Magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi.

"Haiko, mama. Nimeangalia mpaka nyuma ya mapipa."

Ninaamini aliangalia. Alinirudishia karatasi ameikunja kwa mikunjo yake ile ile, nikamshukuru.

Permi sasa ina jina langu, na katika daftari liko chini ya la papa na la babu. Kibumba hatufiki tena, vita vimerudi kule, na sijui nani anachimba viazi vyetu, mtu ama nguruwe. Mama anaishi kwangu Ndosho. Saa kumi na mbili ya jioni, chakula kikiwa tayari, anashika mwiko, anafunua sufuria, halafu anasimama. Nje ni pikipiki na nyundo za magaraji, kelele haziishi. Yeye anasimama tu, na mvuke unampanda usoni. Watoto wananiangalia mimi. Ninawaashiria wangoje, mpaka yeye mwenyewe apakue.